Faili Nililolipakua Kabla ya Mazishi

Mwezi uliopita nilipanda pikipiki hadi Lushebere kumwona Mama Sifa, muuguzi niliyefanya naye kazi mwaka mzima bila kumwona uso hata siku moja. Wakati ule, miaka kumi hivi iliyopita, alikuwa mkuu, titulere kama tunavyosema, wa kituo kidogo cha afya ndani ya msitu wa Walikale, nami nilikuwa Masisi kati, na tulijuana kwa sauti ya simu tu. Vita vikamtoa kwake kama vilivyowatoa wengi. Leo anawatibu wakimbizi wenzake kambini. Siku hiyo alikuwa amewaita wanawake kama kumi wa huko kwao, wamepika maharage na bugali ya muhogo, na kabla sijakaa vizuri aliushika mkono wangu akauinua juu mbele ya wote. "Munaona huyu dada? Njo Mapendo," akasema. "Njo yeye aliokoaka orodha yetu ya wamama wa mimba. Muntu wa kazi kabisa!" Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akaniongezea maharage bila kuniuliza. Nikatabasamu, nikamshukuru Mungu kwa sauti kama inavyopasa, nikamega tonge, kisha nikalirudisha sahanini. Aliyoyasema Mama Sifa yalikuwa kweli, lakini ilikuwa nusu ya kweli. Nusu ya pili nilikuwa nayo mimi, na sikuwahi kumwambia mtu.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na tisa, sina mume, na watu walikwishachoka kuniuliza kwa nini. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja cha mbao ambacho zamani kilihifadhi fromaji, yaani jibini. Rafu zake ndefu zilikuwa bado ukutani, na harufu ya maziwa yaliyoganda haikutoka hata tulipopiga chokaa mara mbili. Mtu akirudi kwake jioni, wanawe walimnusa wakajua alikotoka. Kwenye rafu hizo tuliweka betri za sola, simu za wauguzi zilizoharibika, na birika la chai. Upande wa pili wa ukuta wamama wa kushona walikuwa na cherehani zao, na kwa vile mbao zilikuwa na nafasi, tulijua habari zote za ndoa za Masisi kabla wenye ndoa hawajazijua. Tulikuwa watatu tu. Papa Bauma, mkuu wetu, shemasi, mtu wa kijiji cha Kingi, mpole lakini akishasema neno halirudi. Janvier, kijana aliyesomea kompyuta Goma, aliyeandika programu yetu. Na mimi, niliyeajiriwa kama karani kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri, kisha nikageuka kuwa mtunza mafaili kwa sababu nina kasoro moja: siwezi kulala kama kitu hakiko mahali pake. Nikiosha vyombo nahesabu vifuniko.

Programu ile ilikuwa ya wauguzi wa vituo vya mbali. Ndani ya simu, hata pasipo na rezo, mtandao wa simu, muuguzi aliandika jina la mama mjamzito, tarehe yake ya kuzaa, na kama aliwahi kupasuliwa tumbo ili azae, maana aliyepasuliwa hapaswi kujifungulia kituoni. Lazima apelekwe hospitali kabla siku haijafika. Janvier aliandika maagizo kwa lugha ya kompyuta, lakini maandishi hayo peke yake hayafai kitu kwenye simu, kama muhogo wa uchungu usivyofaa ukitoka tu shambani. Lazima yakaguliwe, yajaribiwe, yafungwe pamoja yawe faili moja ambalo simu inalikubali. Kompyuta yetu ingefanya kazi hiyo asubuhi nzima na kuzimaliza betri zote. Basi marafiki wa mbali walituazima mashine yao, ambayo hatukuwahi kuiona. Janvier akituma maandishi mapya, mashine inaamka yenyewe, inafanya kila kitu bila kusimamiwa, inapiga faili mhuri wa siri ili simu zijue limetoka kwetu, kisha inaliweka kwenye ukurasa wake pamoja na namba ndefu ya kuhakikisha kwamba halikuharibika njiani. Pale faili lilikaa siku saba. Siku ya nane mashine ililifuta ili ipate nafasi, na haikumuuliza mtu.

Kazi yangu ilikuwa kulichukua kabla halijafutwa. Inasikika kama kazi ya dakika tano, na pengine kwingine ni dakika tano. Kwetu rezo ya kutosha ilipatikana mahali pamoja tu, juu ya kilima nyuma ya kijiji cha Kingi, karibu na mti uliopigwa na radi. Nilipanda huko na simu mbili, betri ya kubeba, na mfuko wa nailoni wa kuzifunika mvua ikinyesha. Mwanzoni nilipakua faili likafika robo tatu, rezo ikakatika, likaanza upya toka sifuri. Siku moja nilianza upya mara sita nikamtukana mtu ambaye hakuwepo. Baadaye Janvier alinionyesha njia ya kupakua kwa vipande, ili rezo ikirudi kazi iendelee pale ilipoachia. Likimaliza, nililinganisha namba ndefu, tarakimu kwa tarakimu, kidole kikitembea kwenye kioo, kisha nikanakili faili kwenye kadi mbili za memori. Moja ilibaki ofisini ndani ya kopo la chai. Nyingine ilikwenda Walikale na mtu wa pikipiki. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyokubali kusema. Ng'ombe walikuwa wakinichungulia, na wakulima wa Kingi wakipalilia maharage chini yangu waliniita "mama ya rezo."

Tulipokosea, tulikosea kidogo tu. Janvier alituma toleo jipya, wauguzi wakaliweka, na simu zote zikaenda sawa isipokuwa moja, ya Mama Sifa, ambayo ilikuwa ya zamani kuliko zote. Yeye alipobonyeza orodha, programu ikajifunga. Majina yote yalikuwa ndani, mlango ndio ulikataa. Na Mama Sifa hakuwa na rejista ya karatasi. Mwaka uliotangulia walipokimbia milio ya bunduki, rejista ilibaki mezani. Yeye alitoka na simu ameifunga ndani ya kikwembe, kitenge alichojifunga, na tangu hapo kila kitu alikiandika humo, akingoja siku atakayopata rezo ya nguvu ya kututumia nakala, maana kwake ilitosha kwa sauti tu. Siku hiyo ilikuwa bado. Janvier hakulala, Jumatatu asubuhi maandishi ya kutengeneza mlango ule yalikuwa tayari, akayatuma, na mashine ikafanya kazi yake ikaweka faili ukurasani. Siku ileile wenye mashine walituandikia kwa upole: Jumapili usiku inafungwa kabisa, mtapewa nyingine, chukueni vitu vyenu. Hatukuwa na haraka. Nilisema nitapanda Jumatano.

Jumanne alfajiri mama yake Papa Bauma akafariki, kikongwe ambaye kila mtu wa Kingi alimwita Koko. Msomaji wa mbali labda hajui desturi yetu ya mlimani: mufu akiwa bado ndani ya nyumba, jembe haligusi udongo. Hakuna kulima, hakuna kuchimba hata muhogo mmoja, mpaka azikwe. Papa Bauma alikuja ofisini asubuhi ile akiwa bado na ndala za chumbani, akasimama mlangoni, akatuambia bila kupaza sauti: "Baba yangu alikuwa na jembe. Mi niko na hizi mashini. Njo jembe yetu. Hakuna muntu anagusa mashini mpaka mama aingie mu udongo." Janvier akazima kompyuta palepale. Sisi sote tulimpenda Papa Bauma, na nadhani tulifikiri mazishi yatakuwa kesho yake. Lakini ndugu zake walikuwa mbali, mmoja njia ilimfungia, mwingine alitoka ng'ambo ya Walikale kwa miguu. Jumatano ikapita, Alhamisi, Ijumaa. Koko alikuwa ndani ya nyumba, na faili lilikuwa kwenye mashine.

Wanawake tulikaa jikoni kwa marehemu Koko siku zote hizo, tukimenya, tukipika sombe, majani ya muhogo, kwenye sufuria kubwa za kukodi, moshi ukitutoa machozi hata pale ya kilio yalipokwisha. Ukuta wa jiko ulikuwa wa udongo, umebomoka juu, na wazee walikaa upande wa pili wakinywa kasiksi, pombe yao ya ndizi. Jumamosi jioni niliwasikia wakimhukumu mtu. Alikuwa amechimba muhogo siku ya pili ya kilio, watoto wake wanalia njaa. "Tulimukamata na jembe mukononi," mzee mmoja akasema. "Analeta kuku kwa watu wa mufu," mwingine akajibu. "Na kama mutoto wake alikuwa na njaa?" "Njaa ya mutoto haifute kosa. Analeta kuku." Hakuna aliyekuwa na hasira, walisema kama watu wanaosema kesho kutanyesha. Mimi nilikuwa na kisu na muhogo mkononi, nikaendelea kumenya. Ningeweza kwenda kumwomba ruhusa Papa Bauma. Lakini alikuwa amelala juu ya mkeka ameelekea ukutani, siku ya tano hali chakula, na sikupata mdomo wa kumwambia mtu kama huyo habari za kupakua faili.

Jumapili baada ya sala nilisema naenda kutafuta kuni. Nikapita katikati ya mashamba ambayo majembe yake yalikuwa yamelazwa chini, hakuna mtu, hata ng'ombe niliwaona kama wananihesabia hatua. Nilikaa kwenye ule mti wa radi saa mbili nzima. Mvua ilinyesha, rezo ilikatika mara nne, nami nilijifunika nailoni nikiongea na faili kama mtu anayemsihi mtoto kunywa dawa. Likaja lote. Nikalinganisha namba ndefu mara mbili. Ilikuwa sawa hadi tarakimu ya mwisho. Nikatia faili kwenye kadi moja ya memori, kadi nikaifunga kwenye pembe ya kikwembe fundo la nguvu, kisha nikakumbuka kuni. Niliokota nilizozipata, zimelowa chapachapa. Mama mmoja mzee mlangoni akaziangalia, akaniangalia. "Mapendo, hizi kuni ao samaki?" akauliza. Watu wakacheka, wa kwanza kucheka tangu Jumanne, nami nikacheka nao. Usiku huo mashine ya mbali ikafungwa. Jumatatu tukamzika Koko.

Jumanne tulirudi ofisini, na kadi ilikuwa bado kwenye pembe ya kikwembe. Nilikuwa nimepanga maneno yangu. Kabla sijafungua mdomo Janvier akasema, "Haina shida. Mashini mupya imefika, natengeneza ile fishe tena." Fishe ndivyo tunavyoliita faili. Nilihisi furaha ya woga: basi hakuna haja ya kusema! Maandishi ni yaleyale, faili litakuwa lilelile, na mimi sikupanda kilima chochote. Faili jipya likatumwa Walikale, mtu wa pikipiki akalifikisha kwa Mama Sifa Jumatano mchana. Jioni simu ikalia. "Mapendo, simu inakataa," Mama Sifa akasema. "Inaniambia hii fishe haikutoka kwa mwenyewe wa zamani. Inasema niondoe kwanza ile ya mbele." Janvier alikuwa kando yangu, akashika kichwa. Ule mhuri wa siri ulikuwa ndani ya mashine iliyofungwa. Alidhani ana nakala yake. Aliyokuwa nayo ilikuwa ya majaribio, haikufanana. Mashine mpya ilipiga mhuri mwingine, na simu ililiona faili kama mgeni anayebisha hodi usiku. Kuondoa ile ya zamani kulikuwa kufuta kila kitu: majina, tarehe, na wote waliowahi kupasuliwa.

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua lile fundo. Nimelifikiria jambo hili miaka kumi, na sijapata maelezo yanayonifanya mtu mzuri. Nilimwogopa Papa Bauma, ndiyo, na niliwaogopa wazee wa Kingi. Lakini nadhani zaidi nilishindwa na dakika ya kwanza. Ningesema Jumanne asubuhi, ningekuwa mtu aliyekosa. Jumatano jioni nilikuwa tayari mtu aliyekosa akaficha, na kila saa iliyopita iliongeza bei. Alhamisi Janvier alipekua kila kadi, kila kompyuta, hata kopo la chai. Niliweka bugali na fromaji mbele yake, hakugusa. Upande wa pili wa ukuta wamama wa kushona walikuwa wakisemezana: "Huyu kijana iko na ugonjwa?" "Hapana, anatafuta bibi wa kuoa." Nilikaa na kadi kiunoni nikimsikia akiita wenye mashine, akisikia tena na tena kwamba haikubaki kitu. Na kila jioni Mama Sifa alipiga simu. "Mapendo, nifute?" "Hapana futa, Mama. Ngoja." "Ningoje nini?" Akasema ana mama mmoja, Nsimire, aliyepasuliwa uzazi wa kwanza, kwao ni nyuma ya vilima vitatu. Anajua tarehe yake iko karibu, ila haikumbuki, na mwenyewe akiulizwa anasema hakusoma. Ijumaa jioni sauti yake ilikuwa imechoka. "Kesho asubuhi nafuta. Nitaandika wale nakumbuka, wengine namwachia Mungu."

Nilimwambia angoje mpaka saa nne. Jumamosi kulipopambazuka nilikuwa mlangoni kwa Papa Bauma. Alikuwa mezani na chai ya maziwa na kipande cha fromaji, amekonda, bado na kitambaa cha msiba mkononi. Nilipiga magoti bila kuambiwa. "Papa, ile fishe iko na mimi. Nilipanda kilima." Akaweka kisu chini. "Siku gani?" "Jumapili." "Mama alikuwa bado mu nyumba?" "Alikuwa bado, Papa." Kisha akasema, "Leta." Fundo lilikuwa limekaza, nikalifungua kwa meno. Akaipokea kadi kwa mikono miwili kama anapokea sadaka, akamwita Janvier kwa simu, na alipofika akampa. "Tuma kwanza," akasema. Halafu akanigeukia. "Kisha weye unaleta kuku." "Kuku, Papa?" "Kuku ya kosa. Umelima mbele ya mazishi. Unafikiri juu ya vile umelima vizuri hautalipa?" Ningeweza kumkumbatia miguu. Nilikuwa nimeogopa kwamba atanifukuza, au vibaya zaidi, kwamba atanisamehe hivihivi, nibaki na kosa langu maisha yote bila mahali pa kulitua.

Kabla ya saa nne nilimpigia Mama Sifa kumwambia asifute, na faili lilifika kwake Jumapili mchana. Tulikuwa mimi na Janvier juu ya kilima, simu katikati yetu, tukimsikia akipumua na kubonyeza. "Imekubali," akasema. "Inaandika... ngoja... Mungu wangu, imefunguka!" Kisha akaanza kusoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine, kama mwalimu anayeita wanafunzi, na baada ya kila jina alisema tarehe. Janvier alilala kwenye majani akajifunika uso kwa kofia. Alipofika kwa Nsimire, Mama Sifa akanyamaza. "Imebaki siku ine," akasema, na simu ikakatika. Kesho yake alivuka vilima vile vitatu yeye mwenyewe na wanaume wa kubeba kipoyi, machela ya miti. Walimfikisha Nsimire hospitali, akapasuliwa, mama salama, mtoto salama. Habari hiyo tuliipata Alhamisi. Papa Bauma aligonga birika la chai kwa kijiko kama kengele, wamama wa kushona wakaja wote kuuliza nani ameoa.

Kuku nilimpeleka Kingi Jumamosi iliyofuata, jogoo mwekundu mwenye kelele, na shangazi zake Papa Bauma walimpokea bila kuniuliza neno. Alipikwa, tukala wote, nami nilipewa paja, maana kwetu aliyelipa anakula na waliolipwa. Baada ya kula Papa Bauma alisema jambo ambalo ofisi yetu inalifuata mpaka leo. "Nilifikiri vibaya," akasema. "Kutelesharje fishe, kuipakua, haiko kulima. Ni kukamua. Ngombe anakamuliwa hata mu kilio, juu maziwa haingoje mufu." Nikamwambia kwa utani kwamba basi anirudishie kuku wangu. "Hapana. Weye ulipanda mbele sijaamua," akajibu, na shangazi zake wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Tangu mwaka ule, faili likitoka kwenye mashine linapakuliwa siku ileile, awe amekufa nani. Linakaa mahali pawili, na nakala ya mhuri iko ndani ya sanduku la chuma nyumbani kwangu. Usiku ule nililala usingizi ambao sikuwa nimeulala majuma mawili. Lakini asubuhi niligundua kitu. Papa Bauma aliuliza nilipanda lini. Hakuuliza nilikaa na kadi muda gani. Kuku alilipia Jumapili ile, na Jumapili ile pengine sikuikosea. Zile siku tatu za kunyamaza hakuna aliyezihukumu, na desturi yetu haina kuku wake.

Ndiyo maana nililirudisha tonge lile kule Lushebere. Nilivumilia vigelegele, nikavumilia na wimbo uliofuata, kisha nikamvuta Mama Sifa nyuma ya jiko nikamwambia yote, toka fundo la kikwembe hadi Jumamosi asubuhi. Aliuachia mkono wangu. "Siku tatu," akasema. "Na mi nilikuwa nakupigia simu kila mangaribi." "Kila magharibi, Mama." Nikaona kwamba hasira yake ni ya kweli, si ya kupita. "Hii haiko ya kuambia miye," akasema mwisho, akageuka akaita: "Nsimire!" Akaja yule mwanamke aliyeniongezea maharage, mrefu, mwenye mwanya, akijifuta mikono. Nilikuwa nimekula mbele yake saa nzima bila kujua ni yeye. "Sema tena," Mama Sifa akaniamuru. Nikasema tena. Nikamwambia kwamba ningefungua mdomo mapema, angefuatwa likiwa bado limebaki juma zima, na kwamba mimi ndiye niliyembakizia siku nne.

Nsimire alisikiliza ameinamisha kichwa. "Dada," akasema, "tarehe yangu nilikuwa najua." Hatukumwelewa. "Nilihesabu toka mwanzo. Niliogopa kisu. Mara ya kwanza walinipasua, kilonda ikakaa miezi. Nikasema hii ya pili nazalia kwa shangazi, mu shamba, muntu asijue. Mama Titulere angekuya mapema, angenikosa, ningekuwa nimekimbia. Alinikuta juu ya vile tumbo ilikuwa imeshashuka, miguu ikakataa." Mama Sifa akamgeukia. "Nsimire! Ulijua?" "Nilijua, Mama." "Na mi nilikuuliza mara ngapi? Ukaniambia, Mama, mi sikusoma!" "Ni kweli sikusoma. Lakini kuhesabu mwezi haiko kusoma." "Vilima vitatu! Na mvua! Nilianguka mara mbili juu yako!" Hasira yote iliyokuwa juu yangu ikahamia kwa Nsimire, ambaye aliipokea akicheka na kujitetea, mikono kiunoni. Sitasema kwamba maneno yake yalinifutia. Siku tatu zile ni zangu, na angekuwa mwanamke mwingine, mwenye siku pungufu kidogo au bahati ndogo, nisingekuwa na uso wa kufika Lushebere. Lakini nilikaa kwenye gogo la kuni kati yao wawili, wakigombana juu ya kichwa changu, na pumzi niliyokuwa nimeifunga miaka kumi ikatoka yenyewe. Nililia kwa sauti. Hakuna aliyegeuka kuniangalia. Walikuwa bado wanagombania hesabu ya mwezi.